Ukaliaji Bila Umiliki: Ardhi ya Taji na Mabadiliko ya Umilikaji wa Ardhi katika Kenya ya Walowezi, 1895–1963

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna sheria za ardhi katika Kenya ya walowezi zilivyotenganisha haki ya kukalia ardhi na haki ya kuimiliki. Uchunguzi unaanzia mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza Himaya ya Afrika Mashariki, na kuishia mwaka wa uhuru, 1963. Hoja kuu ni kwamba unyang'anyi wa ardhi haukutegemea nguvu ya kijeshi peke yake. Ulitegemea pia dhana ya kisheria iliyokiri kuwa Mwafrika yumo katika ardhi huku ikikana kuwa ardhi ni yake. Makala yanalinganisha nyanda za juu na ukanda wa pwani, ambako serikali ilitambua umilikaji binafsi na bado ikazalisha maskwota. Mwishoni yanaonesha kuwa usajili wa hatimiliki ulioanza miaka ya 1950 haukuondoa utengano huo, bali uliuhamishia ndani ya jamii za Waafrika zenyewe.

1.0 Utangulizi

Historia ya ardhi nchini Kenya imeandikwa kwa mitazamo mikuu miwili. Mtazamo wa kwanza, unaowakilishwa na Sorrenson (1968), unafuatilia asili ya ulowezi wa Wazungu na sera zilizouwezesha. Mtazamo wa pili, unaowakilishwa na Okoth-Ogendo (1991), unaichukulia sheria yenyewe kuwa chombo cha utawala na kuuliza jinsi ilivyowageuza wenyeji kuwa wapangaji wa Taji. Makala haya yanaufuata mtazamo wa pili, lakini yanaongeza swali moja mahususi: ikiwa sheria za kikoloni zilikiri tangu mwanzo kwamba wenyeji walikuwa wanaikalia ardhi, ni kwa njia gani ukiri huo ulishindwa kuwa kinga yao?

Swali hili lina uzito unaovuka mipaka ya historia. Madai mengi ya dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi huletwa na watu wanaoweza kuthibitisha kwamba wazee wao waliishi mahali fulani, ila hawawezi kuonesha hati. Kuelewa ni lini na kwa nini ushahidi wa kuishi ulishushwa thamani mbele ya ushahidi wa karatasi ni kuelewa kiini cha madai hayo.

2.0 Haki za Ardhi Kabla ya Sheria ya Taji

Mwishoni mwa karne ya 19 hapakuwa na mfumo mmoja wa umilikaji katika eneo lililokuja kuitwa Kenya. Miongoni mwa Wakikuyu, ardhi ya githaka ilishikiliwa na mbari, yaani ukoo uliotokana na mwanzilishi aliyefyeka msitu au kuipata ardhi kwa makubaliano. Ndani ya githaka waliweza kuishi watu wasio wa mbari, wakiwemo ahoi, waliopewa nafasi ya kulima kwa urafiki na hisani. Muhoi hakumiliki ardhi, na angeweza kuombwa kuondoka. Hata hivyo, uhusiano wake na wenye ardhi ulifungwa na wajibu wa pande zote mbili, na kumfukuza bila sababu kulikuwa aibu mbele ya jamii.

Kwa Wamaasai, haki ya msingi ilikuwa ya malisho, maji na njia za kuhama kati ya kiangazi na masika. Eneo lililoonekana halina watu katika mwezi mmoja lilikuwa akiba ya mwezi mwingine. Pwani, ambako sheria ya Kiislamu ilikuwa imeshika mizizi, kulikuwa na mashamba ya minazi na maembe yaliyouzwa, kurithiwa na kuwekwa wakfu. Sambamba nayo kulikuwa na ardhi ya Wamijikenda iliyosimamiwa kwa taratibu za koo na kaya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mifumo hii yote kukalia na kumiliki havikuwa kitu kimoja. Wenyeji walijua tofauti kati ya mwenye ardhi na aliyekaribishwa. Hivyo, dai la baadhi ya maofisa wa kikoloni kwamba Waafrika walijua matumizi tu na hawakujua umiliki halina msingi.

3.0 Kuzaliwa kwa Ardhi ya Taji, 1895–1902

Himaya ya Afrika Mashariki ilitangazwa tarehe 15 Juni 1895. Kwa nadharia ya sheria ya wakati huo, kuiweka nchi chini ya himaya hakukuipa Uingereza umiliki wa ardhi yake, kwa kuwa himaya ilihusu ulinzi na mambo ya nje. Kwa ajili ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, serikali ilitumia Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya India ya mwaka 1894. Tatizo lilibaki kuhusu ardhi ya walowezi, kwa sababu sheria hiyo iliruhusu kutwaa ardhi kwa shughuli za umma tu.

Kizuizi hicho kiliondolewa kwa tafsiri. Mwezi Desemba 1899, wanasheria wa Taji huko London walitoa maoni kwamba, katika himaya isiyo na serikali iliyoimarika na ambako ardhi haijamilikiwa na mtawala wa nchi wala na watu binafsi, Taji lilikuwa na haki ya kuigawa ardhi iliyo tupu na isiyokaliwa. Amri ya Baraza kuhusu Ardhi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1901 iliipa tafsiri hiyo nguvu ya sheria, na Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ikaifanya kuwa utaratibu wa kila siku. Kwa sheria hiyo Kamishna aliweza kuuza ardhi au kuipangisha kwa muda wa hadi miaka 99.

Sheria ya 1902 haikupuuza kabisa kuwepo kwa wenyeji. Ilimtaka Kamishna azingatie haki na mahitaji yao, na ikamkataza kuuza au kupangisha ardhi waliyoikalia kwa hakika. Lakini iliruhusu mlowezi apangishiwe eneo lenye vijiji ndani yake bila vijiji hivyo kutengwa kwa mipaka. Vijiji vilihesabiwa kuwa nje ya pangisho kwa muda wote ambao wenyeji waliendelea kuvikalia, na mara walipoacha kuvikalia, ardhi ile iliingia mikononi mwa mpangaji Mzungu. Kwa kifungu hiki haki ya mwenyeji ilipimwa kwa uwepo wa mwili wake. Akihama kwa njaa, kwa vita au kwa kubadilisha malisho, haki yake ilikoma, ilhali haki ya mlowezi aliyekuwa bado London iliendelea kuishi ndani ya hati.

Wakati wa kutungwa kwa sheria hiyo una maana kubwa. Miaka ya 1890 ilikuwa ya sotoka, ndui, ukame na njaa. Wamaasai walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya mifugo na watu wao. Kusini mwa nchi ya Wakikuyu, hususan Kiambu, familia nyingi zilikimbia njaa ya mwaka 1898 na 1899 zikiwa na nia ya kurejea. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na Kamishna Charles Eliot alipoanza kuwaalika walowezi, maafa ya muda yalikuwa yameifanya ardhi ionekane tupu. Sheria iliuchukua uonekano huo wa msimu mmoja na kuufanya kuwa hali ya kudumu.

4.0 Mikataba ya Wamaasai na Mipaka ya Mahakama, 1904–1913

Mahali ambapo ukaliaji haukuweza kukanwa, serikali ilitumia mikataba. Mwezi Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart alitia saini makubaliano na Olonana na viongozi wengine wa Kimaasai. Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa karibu na reli na kutengewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini, kwa ahadi kwamba maeneo hayo yangekuwa yao muda wote ambao taifa la Wamaasai lingeendelea kuwepo. Ahadi hiyo ilidumu kwa miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mwingine uliwaondoa Laikipia na kuwakusanya katika hifadhi ya kusini iliyopanuliwa.

Mwaka 1913 kundi la Wamaasai likiongozwa na Ole Njogo lilifungua shauri mahakamani kuupinga uhamisho huo. Madai yao yalijengwa katika lugha ya sheria yenyewe: kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai, na kwamba waliotia saini ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga wengine. Shauri lilitupwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba mikataba ile ilifanywa kati ya Taji na jamii iliyohesabiwa kuwa ya kigeni kwake. Kwa hiyo ilikuwa vitendo vya dola ambavyo mahakama za nchi hazikuwa na uwezo wa kuvihukumu.

Hukumu hiyo inaweka wazi mkinzano uliomo katika mfumo mzima. Mbele ya Sheria ya 1902, Wamaasai walikuwa watu wasio na dola, na kwa sababu hiyo ardhi yao iliweza kuwa ya Taji. Mbele ya mahakama mwaka 1913, watu walewale walikuwa na dola kiasi cha kutosha kufanya mkataba wa kimataifa, na kwa sababu hiyo hawakuweza kudai haki kama raia. Misimamo hiyo miwili haipatani, lakini yote iliwapeleka Wamaasai mahali pamoja.

5.0 Kutoka Miaka 99 hadi 999: Sheria ya 1915 na Hukumu ya 1921

Walowezi hawakuridhika na pangisho la miaka 99. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliongeza muda wa mapangisho ya kilimo hadi miaka 999. Ilimpa Gavana pia uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka kwa mtu wa rangi moja kwenda kwa mtu wa rangi nyingine. Kifungu hicho kiliupa nguvu ya sheria msimamo ambao Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, alikuwa ameukubali tangu mwaka 1906, kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi katika nyanda za juu.

Badiliko zito zaidi lilikuwa katika tafsiri ya maneno. Sheria ya 1915 ilipanua maana ya ardhi ya Taji ili ijumuishe ardhi yote iliyokaliwa na makabila ya wenyeji na ile iliyotengwa kwa ajili yao. Mwaka 1902 ukaliaji ulikuwa umeitoa ardhi, angalau kwa muda, nje ya mkono wa Kamishna. Kuanzia 1915 hata ardhi iliyokaliwa ilikuwa ya Taji.

Athari za badiliko hilo zilidhihirika baada ya Himaya kugeuzwa kuwa Koloni mwaka 1920. Mwaka 1921, katika shauri la Isaka Wainaina dhidi ya Murito, lililohusu mgogoro wa ardhi kati ya Wakikuyu wenyewe, Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua kwamba haki zote za wenyeji katika ardhi iliyotengwa, zikiwemo zile za githaka, zilikuwa zimetoweka. Wenyeji walikuwa wapangaji kwa hiari ya Taji.

Hukumu hiyo inafaa kusomwa kwa kuilinganisha na nafasi ya muhoi. Kwa juujuu mpangaji kwa hiari ya Taji anafanana na muhoi: wote wawili wanakalia ardhi isiyo yao na wanaweza kuondolewa. Lakini muhoi alimjua mwenye ardhi, aliishi karibu naye, na angeweza kulalamika mbele ya wazee. Mpangaji wa Taji hakuwa na baraza la kumshtaki mwenye ardhi wake, kama Wamaasai walivyokwisha kujifunza. Aidha, hukumu iliwaweka katika daraja moja mbari yenye githaka na muhoi aliyeishi humo. Chuki iliyofuata miongoni mwa Wakikuyu, pamoja na kukua kwa vyama vya siasa vya miaka ya 1920 vilivyodai hatimiliki, inaeleweka vizuri zaidi kwa kuzingatia udhalilishaji huo wa kisheria.

6.0 Pwani: Umiliki Uliotambuliwa na Watu Walioachwa Nje

Ukanda wa pwani wa maili kumi unatoa kipimo muhimu kwa hoja ya makala haya. Eneo hilo lilikuwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ililisimamia kwa makubaliano ya mwaka 1895. Baada ya 1920 liliendelea kuitwa Himaya, si Koloni. Serikali ilitambua kwamba huko palikuwa na umilikaji binafsi. Kwa hiyo, mtu angetarajia kwamba wakazi wa pwani waliepuka hatima ya nyanda za juu.

Haikuwa hivyo. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai alipeleke kwa Msajili wa Hati ili lichunguzwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji. Waliofaidika zaidi ni wale waliojua taratibu za maandishi na waliokuwa na hati au mashahidi waliokubalika, yaani Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi wenye mitaji. Wamijikenda walioishi ndani ya ukanda huo, pamoja na watumwa walioachwa huru kwa sheria ya mwaka 1907, kwa sehemu kubwa walibaki bila hati. Cooper (1980) ameeleza jinsi watu hawa walivyoendelea kulima katika mashamba ya mabwana wa zamani au katika ardhi ya Taji, wakawa maskwota. Shinikizo hilo la ardhi na kazi lilionekana pia kaskazini mwa mto Sabaki, ambako amri ya kuwaondoa Wagiriama ilichangia upinzani wa mwaka 1914 unaohusishwa na Mekatilili wa Menza.

Kwa hiyo pwani na nyanda za juu zilipita njia mbili na kukutana. Nyanda za juu sheria ilisema hakuna Mwafrika anayemiliki. Pwani ilisema anayemiliki ni yule aliyesajiliwa. Katika sehemu zote mbili, aliyeikalia ardhi na kuilima hakuweza kuugeuza ukaliaji wake kuwa haki.

7.0 Ahadi ya 1930 na Tume ya Carter

Mipaka ya hifadhi za wenyeji ilitangazwa rasmi mwaka 1926, na Sheria ya Amana ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1930 ilitangaza kuwa hifadhi hizo ni kwa manufaa ya wenyeji milele. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega. Mwaka 1932 sheria ilirekebishwa ili ardhi ya machimbo iweze kuondolewa katika hifadhi bila kufidiwa kwa ardhi nyingine, kinyume cha ahadi ya awali.

Katika mazingira hayo Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Morris Carter, ilianza kazi mwaka 1932. Ushahidi iliokusanya ulichapishwa katika majuzuu matatu. Ndani yake wazee wanataja mito, miti, makaburi na majina ya mababu kama alama za mipaka ya ardhi yao. Taarifa ya 1934 ilikiri kwamba Wakikuyu walipoteza sehemu ya ardhi yao na ikapendekeza fidia ya ardhi ya nyongeza. Pamoja na fidia hiyo, ilipendekeza kufutwa kwa madai yote ya wenyeji nje ya hifadhi, na mipaka ya nyanda za Wazungu ilindwe kwa sheria. Hilo lilitimizwa kwa Amri ya Baraza ya mwaka 1939. Kwa maneno mengine, Tume iliusikiliza ushahidi wa ukaliaji kwa kirefu ili iufunge kwa mara ya mwisho.

Waliobanwa zaidi ni maskwota wa mashamba ya walowezi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi humo. Sheria ya 1937 iliwapa walowezi, kupitia mabaraza ya wilaya, uwezo wa kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo. Kanogo (1987) ameonesha uhusiano kati ya dhiki hiyo na chimbuko la Mau Mau. Kufukuzwa kwa wakazi wa Olenguruone mwishoni mwa miaka ya 1940 ni mfano unaojulikana sana.

8.0 Hatimiliki na Uhuru, 1954–1963

Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952, serikali iligeukia umilikaji binafsi kama dawa ya siasa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kuunganisha vipande vya ardhi, kuvisajili na kumpa mkulima Mwafrika hati. Mpango ulikubali wazi kwamba wenye uwezo wangepata ardhi zaidi na wengine wangebaki bila ardhi, na ukaichukulia hali hiyo kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo.

Katika Mkoa wa Kati kazi hiyo ilifanyika huku maelfu ya watu wakiwa kizuizini na wengine wakiwa wamekusanywa katika vijiji vya lazima. Asiyekuwepo hakuweza kuonesha mpaka wake mbele ya kamati, na ahoi hawakuwa na nafasi katika rejista. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilizuia usajili wa kwanza usirekebishwe na mahakama hata pale ulipopatikana kwa udanganyifu. Kanuni ya 1902 iliyomwadhibu asiyekuwepo ilirudi kwa sura nyingine. Safari hii waliopingana ni majirani na ndugu.

Katika nyanda za juu, vizuizi vya rangi viliondolewa kuanzia mwaka 1960. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulinunua mashamba ya Wazungu kwa mikopo na kuwapatia ardhi takriban familia 35,000, ambazo zilipaswa kuilipia. Kwa kununua, dola mpya ilikubali kwamba hati ya mlowezi ilikuwa halali. Tanganyika ilipita njia tofauti. Sheria ya 1923 ilikuwa imeifanya ardhi yote kuwa ya umma, na mwaka 1958 Julius Nyerere, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, alipinga pendekezo la kuruhusu umiliki huria. Hata huko, kufukuzwa kwa Wameru wa Engare Nanyuki mwaka 1951, jambo ambalo Kirilo Japhet alilifikisha Umoja wa Mataifa, kunathibitisha kwamba ardhi kuitwa ya umma hakukutosha kumlinda anayeikalia.

9.0 Hitimisho

Makala yamebainisha hatua tatu za utengano wa ukaliaji na umiliki. Mwaka 1902 ukaliaji ulikuwa haki inayokufa mtu anapoondoka; kati ya 1915 na 1921 uligeuka hisani ya Taji; na kuanzia 1954 ulimezwa na rejista. Katika kila hatua sheria ilikiri kuwa wenyeji wapo.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka ukomo wa miaka 99 kwa mapangisho ya wasio raia, na hivyo kufuta urithi wa miaka 999. Imetambua pia ardhi ya jamii, iliyotungiwa sheria yake mwaka 2016. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki za Waogiek katika msitu wa Mau zilikiukwa, na ikaupa uzito uhusiano wao wa muda mrefu na msitu huo. Hatua hizi zinaanza kuurudishia ukaliaji nafasi yake kama ushahidi wa haki. Mafanikio yake yatategemea ikiwa mabaraza na mahakama yatakubali kwamba kukosekana kwa hati kwa familia ya Kilifi, Kiambu au Laikipia si dalili ya kukosa haki, bali mara nyingi ni matokeo ya sheria zilizokusudia hati hiyo isipatikane.